Mabawa Aliyopewa Baba Burma

SEHEMU YA TANO

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelipata likiwa limeshafungia omena, mambo yalikuwa hivi.

Mimi ni Sellah, fundi wa nguo hapa Kitale. Mwaka 2005 nilishikwa na ugonjwa wa kukusanya beji za zamani za marubani wa jeshi, yale mabawa yanayoshonwa kifuani. Walowezi wengi wa huku walipigana vita vya pili vya dunia. Walipozeeka wakafa, makoti yao yaliuzwa, na mengine yakafika kwenye mashine yangu kupunguzwa mikono. Nikaanza na beji moja. Mwezi mmoja baadaye nilinunua sinia nzima ya mabawa ya chuma sokoni, nikarudi nayo nikitembea kwa maringo. Bwana Kuldip, fundi wa saa aliyenifundisha mambo haya, aliyageuza moja moja, akanionyesha pini za nyuma. Zote mpya. Yote yalikuwa na mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, kwa sababu mkwaruzo wenyewe ulitoka kwenye kalibu yalimomwagwa.

Lakini beji iliyonitia mashakani si ya sokoni. Ni ya baba yangu, Mzee Walubengo wa Kabuchai. Tangu nikiwa mtoto alituambia kwamba mwaka 1944, akiwa askari kule Burma, alimbeba mgongoni rubani Mwingereza ambaye ndege yake ilianguka msituni. Rubani akakata mabawa kifuani mwake, akampa. Majirani walimcheka, wakambandika jina la Mzee Ndege. Karatasi zake za jeshi ziliungua pamoja na nyumba kabla sijazaliwa. Ushahidi wake wote ulikuwa kile kitambaa ndani ya kopo la tumbaku.

Sasa kuna kamati Kanduyi inayoandika majina ya wazee waliopigana vita vile, wale wachache waliobaki. Baba ana miaka themanini na moja na kifua kibovu. Haja yake ni moja tu: jina lake liingie kwenye orodha ile kabla hajafa, azikwe kama askari, si kama mwongo wa kijiji. Kamati ilisema itamwandika beji ikithibitishwa. Nikajitolea kuithibitisha mimi. Kiherehere changu.

Wiki jana niliwaacha dukani kwa Kuldip. Katibu wa kamati, Bwana Wamalwa, alikuwa amekuja kutoka Kanduyi kushuhudia. Kuldip akaiweka beji chini ya taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Uzi wa zamani hukaa kimya chini ya taa ile. Uzi wa siku hizi huwaka.

Mabawa ya baba yakawaka meupe.

* * *

"Mama Joan," Bwana Wamalwa akaniambia huku akichukua kofia yake, "mimi nilikuwa nakuamini, bana. Lakini hii kitu ni ya juzi."

"Ngoja kidogo, Bwana Katibu."

"Ningoje nini? Si nimeona na macho yangu? Mwambie Mzee apumzike. Hatuna haja ya kumuaibisha."

Akatoka. Nilibaki nikiikodolea macho ile beji, na akilini mwangu kulikuwa na jambo moja tu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Kuldip mwenyewe aliiweka beji ya baba chini ya taa hiyo hiyo, na haikuwaka. Niliona. Kisha akaomba nimwachie kwa siku tatu aichunguze polepole. Nikamwachia. Sasa nani mwingine alikuwa na nafasi ya kuibadilisha?

Nikamgeukia.

"Iko wapi beji ya baba yangu?"

Kuldip alitoa lenzi jichoni. "Nini, Mama Joan?"

"Usiniite Mama Joan! Ni wewe uliniambia beji ina bei mbili, bei ya kitambaa na bei ya hadithi. Ati kitambaa kitupu ni kitu kidogo, lakini kikiwa na hadithi kinapanda mara kumi. Sasa umechukua ya baba, umeniwekea hii takataka."

Dukani mlikuwa na mwalimu aliyeleta saa kutiwa betri, na mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani. Wote wawili waligeuka kututazama.

"Mwaka mzima nakunywa chai yako," nikaendelea, na sauti ikazidi kupanda. "Kumbe ulikuwa unanipima. Mwizi wewe! Tena mwizi wa wazee!"

Nilisema na mengine ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyachapa. Mwalimu aliondoka bila betri. Yule mama alichukua miwani yake akatoka nayo mkononi.

Kuldip ni mzee wa miaka sabini, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alifungua droo, akatoa daftari, akalisukuma mbele yangu. Kwenye ukurasa palikuwa na picha ya beji ya baba, ameipiga mbele na nyuma, na chini yake maandishi madogo madogo.

"Kila beji inaingia hapa, mimi napiga picha, nahesabu manyoya," akasema. "Hata ya rafiki. Soma."

Nikasoma. Bawa la kushoto, unyoya wa tatu kutoka chini, sindano imeruka mara moja. Kona ya kulia, tundu lililoliwa na nondo, ukubwa wa punje ya wimbi. Nyuma, uzi mweusi umefungwa fundo mara mbili.

Nikachukua beji. Nikageuza. Unyoya wa tatu, sindano imeruka. Kona ya kulia, tundu. Nyuma, fundo mara mbili. Kazi ya sindano naijua. Mtu anaweza kuiga mabawa mpaka ukashangaa, lakini hawezi kuiga kosa mahali pale pale na tundu la nondo pale pale.

"Ni hiyo hiyo," nikasema.

"Ni hiyo hiyo."

"Basi mbona inawaka?"

"Hiyo sasa ndiyo swali," Kuldip akasema. "Ungeanza na hiyo."

* * *

Alinivutia kiti, nikakaa. Akaniuliza kwa upole, kama daktari. Beji ilipotoka dukani ilienda wapi? Kabuchai, nikamwambia. Baba alitaka kukaa nayo kidogo, na kwa vile nyumba yake inavuja, iliwekwa kwa kaka yangu Wakoli. Na uliporudishiwa, uliiangalia? Hapo nikainamisha uso. Nilipewa ikiwa imefungwa kwenye leso, nilikuwa na haraka, nikaileta dukani vilevile. Mimi, mthibitishaji mkubwa, sikufungua hata kifurushi changu.

Nikapiga simu.

Aliyepokea ni Mwihaki, mke wa Wakoli. Kwetu Bukusu mke wa kaka yako unamwita mulamwa, naye anakuita hivyo hivyo, na kati ya wote walioolewa kwetu huyu ndiye niliyempenda tangu siku ya kwanza. Ana miaka thelathini katika boma letu. Tangu mama afe, chakula cha baba hupikwa naye.

"Mulamwa, ile beji ya Baba, kuna mtu aliishika?"

"Kushika aje?"

"Kuipeleka mahali. Kuibadilisha."

"Wacha! Nani abadilishe kitu ya Mzee? Ilikuwa kwa kabati yangu. Ni mimi tu niliishika nikiiosha."

"Ukifanya nini?"

"Nikiiosha! Si ilikuwa imejaa tumbaku? Ati upeleke kitu ya Mzee kwa wageni, mbele ya katibu, ikinuka hivyo? Watu wangesema kwa hii boma hakuna bibi. Niliiloweka na sabuni ya unga, nikasugua na mswaki pole pole, nikaweka stachi kidogo, nikapiga pasi. Ilitoka mzuri kabisa. Kwani hawakufurahi?"

Nilimwambia walifurahi. Nikakata simu.

Kuldip alikuwa amesikia yote. Hakucheka, ingawa masharubu yalicheza. Alifungua kabati la kioo, akatoa beji yake mwenyewe, ile anayoipenda kuliko zote, ya enzi ya vita kweli. Akaigeuza, akachomoa kwa koleo uzi mmoja mwembamba mgongoni, akaukata vipande viwili. Mimi nikakimbia kibanda cha jirani kununua pakiti ndogo ya sabuni ya unga. Tukaloweka kipande kimoja kwenye kisahani, tukakisuuza, tukakikausha juu ya balbu ya mezani. Kisha vyote viwili chini ya taa.

Kile ambacho hakikuoshwa kikabaki giza. Kile kilichooshwa kikawaka cheupe.

"Sabuni ya siku hizi inaacha dawa ndani ya uzi," Kuldip akasema. "Nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Hii ni kosa ya mtu safi, Mama Joan. Mwizi hakuna."

Niliomba radhi. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa machozi, nikataka hata kupiga magoti akanikataza. Halafu akaniuliza swali moja.

"Mimi nimekusamehe. Lakini mwalimu na yule mama wameenda nyumbani na habari ya mwizi. Hao utawaambia nini?"

* * *

Bwana Wamalwa tulimkuta kwenye hoteli ya karibu anamalizia matumbo. Alirudi nasi dukani kwa shingo upande. Alionyeshwa vile vipande viwili vya uzi mara tatu, akaviweka chini ya taa kwa mkono wake mwenyewe, na mara ya tatu akaanza kucheka.

"Ati sabuni! Yaani karibu tumkatae shujaa sababu ya sabuni?"

"Ndiyo hivyo, Bwana Katibu."

"Basi mambo ni sawa. Jumamosi saa nne tunakuja na gari kumchukua. Kutakuwa na watu wengi Kanduyi, ataongea kidogo, jina iandikwe mbele ya kila mtu. Na avae hiyo kitu kifuani, Mama Joan. Watu waone."

Alinipa mkono, akampa Kuldip mkono, akaenda zake akitabasamu. Kuldip akakaa kuandika barua ya uthibitisho kwa mwandiko wake wa taratibu. Mimi nilikuwa na furaha ya kuimba. Miaka yote ile ya Mzee Ndege, na sasa wangekuja kumchukua kwa gari.

"Kabla uende," Kuldip akasema bila kuinua kichwa, "chukua lenzi. Beji sasa iko safi. Angalia taji."

Wasomaji, hapa naomba tuelewane. Juu ya mabawa ya rubani wa Uingereza kuna taji, na lile taji huonyesha ni nani alikuwa ameshika kiti cha enzi siku beji iliposhonwa. Hili ni somo la kwanza kabisa alilonifundisha. Taji la Mfalme limeviringa juu, kama mfuniko wa sufuria. Taji la Malkia limebonyea katikati. Mfalme alikufa mwanzoni mwa 1952, kwa hiyo beji yenye taji lililobonyea haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata uape. Kwa beji ya baba tulikuwa hatujaweza kuliona. Tumbaku ya miaka hamsini ilikuwa imelifunika, tukaona donge jeusi tu.

Nikaweka lenzi jichoni.

Limebonyea.

"Labda ni pasi," nikasema. "Mwihaki aliipiga pasi. Labda imelibonyeza."

"Pasi haishoni, Mama Joan."

Akaweka beji yake kando ya ya baba. La kwake, mfuniko wa sufuria. La baba, bonde katikati, na nyuzi za dhahabu zimelifuata lile bonde moja moja, kazi nzuri, ya uangalifu, ya kiwandani. Wala haikuwa bandia. Ilikuwa beji halisi kabisa ya rubani halisi, iliyoshonwa miaka minane au zaidi baada ya Burma.

"Arobaini na nne alikuwa bado ni Mfalme," nikasema.

"Ndiyo."

"Basi Baba..."

"Mimi nathibitisha kitambaa." Kuldip alikunja barua, akaitia kwenye bahasha. "Kitambaa ni halisi, nimeandika hivyo, na sikuandika uongo. Hadithi ni ya kwenu. Kamati imeuliza kama beji ni halisi. Mwaka hawajauliza."

Akanisogezea bahasha. Nikaitazama. Ningeweza kuiacha pale mezani.

Niliitia mkobani.

* * *

Ijumaa jioni nilifika Kabuchai na sikumwambia mtu habari ya taji. Mwihaki alikuwa amechinja kuku. Alipenda sana ile habari ya sabuni, akanifanya niirudie mara mbili, kila mara akijipiga paja.

"Karibu nimuue Mzee na usafi!"

Nikacheka naye. Tukaosha vyombo pamoja. Akawa anasuuza sahani moja kwa muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Mzee ana bahati, mulamwa. Jina yake itaandikwa, watu wajue alienda wapi na alifanya nini. Baba yangu mimi hata kaburi sijui iko upande gani."

Nilijua habari hiyo, kila mtu kwetu anaijua. Baba yake aliingia msitu wa Nyandarua kupigania uhuru Mwihaki akiwa bado tumboni. Hakutoka. Mama yake akambeba mgongoni kutoka Nyeri mpaka shamba la mlowezi karibu na Kachibora, na huko ndiko alikolelewa kwa kuvuna mahindi ya watu.

"Pole, mulamwa," nikamwambia, kama nilivyomwambia kila mara kwa miaka thelathini.

Asubuhi saa tatu na nusu baba alikuwa tayari. Koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, amekaa kwenye kiti chake na mikono magotini. Alisema amelala vizuri, hakukohoa. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikatunga uzi kwenye sindano. Beji nikaiweka magotini pangu.

"Baba, kabla sijashona nikuulize kitu."

"Uliza, mama yangu."

"Huyo rubani alikupa hii mwaka gani?"

"Arobaini na nne. Si unajua?"

"Nani alikuwa anatawala Uingereza?"

"Mfalme Joji. Kwani leo ni mtihani?"

Nikainua beji karibu na macho yake. Nikamwekea kidole juu ya bonde. "Hili ni taji la Malkia, Baba. Arobaini na nne halikuwepo."

Hakuitazama. Alinitazama mimi, halafu akatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Ni huyo Kuldip anasema?"

"Ni macho yangu."

Akajifuta mikono kwenye magoti ya suruali. "Nilijua siku moja atatokea mtu wa kusoma hii kitu," akasema. "Sikujua ni wewe."

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. "Nilipigana shuleni kwa sababu yako! Nilimtoa mtoto wa jirani jino, nikachapwa na mwalimu mkuu, na wewe ukaninunulia soda! Juzi nimemwita mzee wa watu mwizi dukani kwake. Kwa sababu ya nini, Baba? Burma ulifika au hukufika?"

"Burma ilikuwa ya Wabwile. Kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye alienda, na hakurudi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mimi niliandikwa jeshi hamsini na mbili. Vita yangu ilikuwa hapa hapa Kenya."

"Vita gani hapa Kenya?"

Akaangalia mlango. Umefungwa.

"Nyandarua," akasema. "Hamsini na nne. Kazi yangu ilikuwa moshi."

"Moshi wa nini?"

"Sisi tunatangulia kwa mguu ndani ya msitu. Tukiona mahali hao watu wamelala, mimi naweka moshi. Halafu tunarudi nyuma. Ndege inafuata moshi."

"Inafuata kufanya nini?"

"Sellah, wewe si mtoto."

Sikuwa mtoto. Nilitamani niwe.

"Siku moja tumerudi kambini, rubani akakuja kunitafuta," akaendelea, na sasa alikuwa kama mtu aliyefungua bomba asiweze kulifunga. "Alinipa mkono. Mzungu, mbele ya askari wote! Ati hajaona moshi imewekwa sawa kama hiyo. Akaenda akatoa hii kwa koti yake ingine, akanipa. Nilikuwa kijana, nikafurahi. Nikarudi nayo nyumbani kwa mfuko. Halafu uhuru ikakuja, hao wa msituni wakawa mashujaa. Ningesema nimeitoa wapi? Nikachukua Burma ya Wabwile."

"Ungeitupa, Baba. Ungeitupa chooni."

"Nilipewa mkono na watu wakiona," akasema. "Hakuna mtu mwingine amewahi kunipa mkono hivyo. Na nilitaka kuwaambia ukweli, wewe na kaka yako. Kweli nilitaka. Lakini Wakoli akaniletea bibi yake. Nikauliza ni wa wapi, nikaambiwa baba yake alipotelea msitu gani." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Miaka thelathini nakula chakula yake."

Ndipo mlango ukafunguka.

Kwetu mke wa mwana haingii alipo baba mkwe namna hiyo. Hampi mkono, hamkaribii, hapiti mbele yake. Kwa miaka thelathini Mwihaki alileta chakula cha baba mpaka kizingitini, akakohoa, akaweka chini, akaondoka. Asubuhi ile hakukohoa. Alisimama mlangoni na kikombe cha maziwa mkononi. Maziwa yalikuwa yameshika utando juu, na hapo nikajua amesimama nje kwa muda gani.

Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Sellah." Hakuniita mulamwa. "Hiyo taji uliijua lini?"

"Jumatano."

"Na jana tukicheka?"

"Nilijua taji tu. Haya mengine nimeyasikia sasa hivi, kama wewe."

"Lakini ulijua kuna uongo. Ukanishikia sahani, ukaniambia pole."

"Ndiyo," nikasema.

Akaweka kikombe juu ya meza. Nje tukasikia gari likiingia uani, honi mara mbili, na akina mama wa kanisa waliokuja kumsindikiza baba wakaanza wimbo.

"Hodi wenyewe!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Wamalwa. "Shujaa yuko tayari?"

"Rudisha hiyo kitu kwa kopo," baba akaninong'oneza. "Waambie nimeamka mgonjwa. Waambie kifua."

"Hapana," Mwihaki akasema.

Akaufunga mlango nyuma yake, akaja mpaka mbele ya kiti. Akainama, akachukua beji magotini pangu, akachukua na sindano. Kisha akashika koti la baba mkwe wake kifuani. Baba alijivuta nyuma mpaka kiti kikalia. Hakuwa na pa kwenda zaidi.

"Tulia, Baba," akamwambia. "Nisikudunge."

Akaanza kushona. Mimi ni fundi, na nasema alishona vizuri, mishono midogo, ya karibu karibu, bila haraka. Nje waliimba ubeti wa kwanza wakamaliza. Baba hakuthubutu kupumua. Alipofika mwisho Mwihaki alikata uzi kwa meno, uso wake ukiwa karibu kabisa na moyo wa yule mzee.

"Sasa twende Kanduyi," akasema. "Utawaambia yako. Useme yote, Burma, rubani, yote vile umezoea. Ukimaliza kukaa chini, mimi nitaomba nafasi na nitasema yangu."

"Mwihaki," baba akasema. Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake.

"Na kama unakumbuka hiyo moshi uliweka upande gani wa mlima, utaniambia kwa gari. Hiyo nitaitaka kabla ya kuongea."

Bwana Wamalwa alikuwa amefika mlangoni. Akagonga. Nikasimama, barua ya Kuldip ikiwa mkobani begani pangu, nisijue niende mbele au nirudi nyuma.

"Usifungue, mama yangu," baba akaniambia kwa midomo tu.

Mwihaki alikuwa anamnyoosha kola.

"Karibuni ndani," akaita kwa sauti kubwa. "Mzee yuko tayari."